Damu Yenye Jina la Makhanu

Makhanu hakuiamini ile sindano ya kidole tangu mwanzo. TB yake ilikuwa kifuani, tena ile sugu isiyosikia dawa za kawaida, na makohozi alikuwa ametoa hadi akachoka. Damu sasa ya nini? Sista Wangare wa zahanati ya Kamere alimweleza mara tatu kwamba tone moja kila mwezi linaonyesha kama mwili bado unapigana na ugonjwa au umeanza kutulia. Makhanu alitikisa kichwa kukubali, moyoni akisema hawa wanapeleka majina shamba la maua anakofanya kazi, na kibarua chake kitaota nyasi. Huko alikuwa amewaambia ni nimonia.

Basi aliposikia Wangare yuko likizo na aliyeshika zamu ni mgeni, akamtuma nduguye Joash, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, akatobolewe badala yake, aone watasema nini. Joash alicheka, akakohoa, akaenda na kadi ya Makhanu. Vumbi lilikuwa likimsumbua siku hizo, au ndivyo walivyosema wote wawili.

Wiki iliyofuata Makhanu akaitwa. Alimwacha Joash kwenye benchi nje, akaingia na uso wa mtu aliyekuja kushika mwizi. Wangare, aliyekuwa amerudi kazini, alifunga mlango, jambo ambalo Makhanu hakulipenda hata kidogo. Akamuuliza kama anameza dawa zote. Anazimeza, tena mbele ya Joash.

"Kipimo cha damu yako kilikuwa kinashuka vizuri," Wangare akasema. "Sasa kimepanda kushinda siku ya kwanza. Hakitaji jina la ugonjwa, lakini nashuku dawa zimeshindwa. Utatoa makohozi yaende maabara ya Nakuru, halafu tuone kama tutazibadilisha."

Makhanu nusura acheke. Ameongeza kilo sita, halowi jasho tena usiku, na mashine yao ya kupima damu inasema anakufa! Alikuwa amefungua mdomo awaumbue aliposikia kikohozi cha Joash nje, kirefu, kisichoisha. Ndipo ikamwingia akilini kidole kilichotobolewa kilikuwa cha nani.

Aibu ilimshika, na hofu ikaja juu yake. Angeweza kunyamaza. Joash angerudi nyumbani na vumbi lake.

"Sista," akasema, "hiyo damu si yangu."

Wangare hakumgombeza. Alikuwa ameshaandika jina la Makhanu kwenye kikopo cha makohozi. Akalikata kwa kalamu, akauliza aandike nani.

Makhanu alifungua mlango, akamwita nduguye, safari hii kwa jina lake mwenyewe.