Siku Mama Alipomsifia Mkwewe

Nyumba yetu haikosi watu. Anayekuja kuazima ndoo hukaa mpaka chai iive, na akiondoka kabeba habari za mtaa mzima. Kwa hiyo afisa wa fidia alipobisha hodi, alikuta majirani wawili mkekani, mimi nimeegemea mlango, mama kwenye kiti chake, na wifi yangu, mke wa kaka, kaficha mkono wa kulia ndani ya mtandio.

Mkono huo ndio uliomleta mgeni. Wifi alikuwa mkata nyuzi kwenye kiwanda cha mashati. Shati likitoka kwa mafundi, yeye anapita na mkasi mdogo, anakata kila uzi unaoning'inia, anatupa kule, anavuta jingine. Miaka yote hiyo kidole gumba kinafunga na kufungua. Mwisho kikaingia ganzi, ganzi ikapanda kiganjani, na akilala mkono unawaka kama umepakwa pilipili. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Asipopasuliwa mapema, nyama ya gumba itasinyaa na mkono ndio basi tena. Kiwanda kikasema labda ni kufua kwake huko nyumbani. Fidia ikitoka, anapasuliwa. Isipotoka, hatuna pa kushika.

Sasa mjue mama yangu. Tangu wifi aolewe, hajawahi kusikia neno jema kinywani mwa mama. Chai ya wifi ni maji ya kuoshea vikombe. Akifagia, kahamisha vumbi. Lakini mkono ulipoanza kufa, mama alichukua beseni akawa anafua mwenyewe uani, komeo mlangoni, ili watu wasiseme mkwewe goigoi. Mimi nasuuza. Tukimaliza, wifi anatoka kuanika kwa mkono wa kushoto na vidole viwili vya kulia vilivyobaki na uhai, majirani wamwone.

Afisa, mwanamke mpole wa makamo, alipiga funda la chai, akauliza, "Na hapa nyumbani, mama, mkweo anasaidia kazi?"

Majirani wakageuza shingo. Mama akakaa sawasawa kitini.

"Anasaidia? Bibie, huyu ndiye mwenye nyumba! Anafua, anapika, anabeba maji, mimi hata kijiko sigusi. Zunguka mtaa mzima, humpati kama huyu."

"Hata sasa?"

"Hata jana!"

"Mama, siku hizi si..." nikaanza.

"Koma! Mvivu wa nyumba hii ni wewe."

Majirani wakaangua kicheko. Afisa akamgeukia wifi. "Ni kweli, dada?"

Wifi alikuwa kamkodolea mama macho. Angesema nini? Amwite mama mkwe mwongo mbele ya mgeni, na mbele ya wale wawili ambao wangeifikisha habari sokoni kabla chai haijapoa? Na maneno aliyoyasubiri tangu harusi, ayatupe mwenyewe?

"Kama alivyosema mama," akajibu.

Afisa akaandika.

Alipoondoka, wifi alijifungia chumbani. Nikamwambia mama alichokifanya, akanijia juu. "Nimemsifia mtoto wa watu, nayo imekuwa kosa?"

"Mama, wanatafuta nani kauharibu mkono, kiwanda au nyumba. Wewe umewaambia nyumba."

Mama akainuka, akaanza kukusanya vikombe, yeye aliyesema hata kijiko hagusi. Jirani mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Wa pili akamfuata.

Jibu likaja lile lile tuliloliogopa: madai yamekataliwa, kazi za nyumbani zimezidi. Kesho yake mama akavaa gauni lake la misibani, akatukokota mimi na wifi mpaka ofisi ya fidia.

"Nimekuja kurudisha maneno yangu," akamwambia karani dirishani. "Mkwe wangu hafui. Hapiki. Kikombe kinamponyoka. Vifungo vya gauni namfunga mimi." Akageuka akaona foleni nzima imetega masikio. Akamgeukia tena karani. "Hawezi, mwanangu. Niliona aibu kusema hawezi."

Karani alikuwa mstaarabu. "Rufaa ipo, mama. Ila maelezo ya kwanza hayafutwi, na watauliza lipi ndilo la kweli. Na hizi rufaa zinachelewa. Sitaki kuwadanganya."

Nikatazama gumba la wifi. Pale chini penye nyama palikuwa pameshabonyea.

"Mwenye madai asaini hapa."

Wifi akashika kalamu, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Kwenye foleni watu wakaanza kutazama dari.

"Basi weka dole gumba," karani akasema, akisogeza pedi ya wino.

Mama akamshika mkono, akaubonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Wifi alikuwa anaangalia kidole chake kama cha mtu mwingine.

"Wino umeshika?" akauliza, maana mwenyewe hasikii kitu.

"Umeshika," mama akasema, na mkono hakuuachia.