Mashine Kwenye Foleni ya Mafuta

Mashine ya kukatia nyasi ilikohoa mara tatu, ikapanda sauti kama inayotaka kugombana na mtu, ikashuka, ikazima. Uwanja wa zahanati ulikuwa umekatwa kipande cha ukubwa wa mkeka mmoja tu. Mke aliachia mpini, akamgeukia mumewe.

"Jana umeifungua, leo imeugua. Ulibakiza nati gani mezani?"

"Sijabakiza kitu, mama watoto. Kabureta nimeisafisha, gaskiti nimeweka mpya. Si wewe mwenyewe ulinishikia tochi?"

Dirishani akatokea katibu wa zahanati, mtu wa tai na maneno machache. "Wakaguzi wanakuja mchana. Saa sita ikifika huu uwanja haujakwisha, kazi ya kila mwezi nampa mwingine." Akafunga dirisha. Kazi yenyewe ya uhakika waliyokuwa nayo ni hiyo moja. Nyingine zote ni za kuokoteza.

Wakapiga magoti. Plagi waliikuta nyeusi tii. Wakaifuta, wakairudisha, mume akavuta kamba mpaka bega likamuuma. Ukatoka moshi mweupe na kikohozi kile kile. Akaanza kuilegeza kabureta tena, uso umemshuka kwa aibu, maana ufundi hakuusomea. Bei ya fundi ndiyo iliyowashinda. Mke akafungua tangi, akachovya kidole, akakisugua. Petroli hukauka papo hapo. Hii iliteleza, ikanuka kibatari.

"Iache hiyo kabureta," alisema. "Mkono wako hauna kosa. Tumeuziwa mafuta ya taa."

Haya, wangenunua wapi? Kituo cha mafuta hakiuzi petroli kwenye dumu; amri ya usalama, imebandikwa ukutani kwa herufi nyekundu. Mwenye gari anajaziwa akiwa ameketi. Mwenye mashine ya kusukuma aende kwa muuza petroli ya chupa kando ya barabara, apokee atakachomiminiwa, na kikimharibia kazi ajilaumu mwenyewe.

Wakayamwaga mafuta ya tangini, wakaisukuma mashine hadi kituoni. Kwenye pampu ya mwisho, wakamkuta muuza chupa yule yule aliyewauzia, madumu yake yanajazwa moja baada ya jingine.

"Na hayo ni magari ya aina gani?" mke aliuliza.

"Huyo ana mpango na ofisi," mhudumu alijibu, macho chini.

"Alaa! Mpango!" Akaisukuma mashine katikati ya foleni, nyuma ya teksi na mbele ya pikipiki, akavuta breki isiyokuwepo. "Injini ninayo. Tangi ninalo. Magurudumu manne, hesabu mwenyewe. Jaza."

Msimamizi alitoka mbio. "Mama, unatuletea vituko. Toa hicho kitu hapa!"

"Kitu kina zamu yake. Sisi tumo ndani ya gari letu."

Mume, ambaye siku zote ni mtu wa kunyamaza, akaushika mpini kama usukani na kupiga honi kwa mdomo. Watu wa pikipiki wakaangua kicheko, kisha wakapiga honi za kweli. "Mjazie mama! Mjazie!" Msimamizi akaitazama foleni, akampa mhudumu ishara kwa hasira. Tangi likajazwa.

Walipoisogeza mbali na pampu, kamba ilivutwa mara moja tu. Mashine ikanguruma sauti moja, laini. Mke akampiga mumewe begani. "Fundi wangu."

Walikimbia njia nzima kurudi zahanati. Langoni bawabu alishindwa kuwatazama. "Saa sita imepita, jamani. Ameshaletwa mwingine."

Ndani ya uzio mwanamume mwenye mvi alikuwa akisukuma mashine yake. Ilikohoa, ikapanda sauti, ikashuka, ikazima. Akapiga magoti, akatoa spana mfukoni. Dirisha la katibu likafunguka.

Mke akaushika uzio kwa mikono miwili. "Kaka!" alipaza sauti, zahanati nzima isikie. "Usiifungue! Mashine yako ni nzima, ni mafuta wanayotuuzia! Njoo uchukue haya yetu!"

Mumewe alikuwa ameshaanza kufungua tangi.