Jigleri ya Ziwani na ya Mlimani

Kule Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kila mtu alijua kwamba Anselme ni fundi wa magari, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitengeneza gari. Miaka kumi na moja alikuwa akiziba pancha za baiskeli na kukaza minyororo ya pikipiki, na ukimgusia Peugeot tu atakusimulia mpaka chai yako ipoe. Watu walimwacha aseme. Nakivale kila mwanamume alikuwa mtu mkubwa huko alikotoka, na si adabu kumdai ushahidi.

Kwa hiyo ile Jumanne aliposhuka mzee mmoja wa Kinyankore kwenye pikapu, kofia mkononi, akiuliza nyumba ya fundi wa Peugeot, majirani walitoka wote kushuhudia. Baadhi yao, tuseme ukweli, walitoka kumwona Anselme akiumbuka.

Mzee aliitwa Bananuka. Alikuwa na gereji ndogo Ruti, nje kidogo ya mji wa Mbarara kwenye barabara ya Kabale, na hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Ssebo, mimi niko na 504 ya marehemu baba," alisema. "Vijana yangu hawaijui, wao wanajua gari ya kompyuta. Nikapeleka kwa fundi ingine, akaharibu kabisa. Inakunywa petroli kama ng'ombe na maji, na kilima inakataa. Jumamosi natoa binti yangu, tuko na sherehe ya kuhingira. Nimesema mbele ya watu yote kwamba atatoka nyumbani kwa gari ya babu yake."

"Moshi inatokaka rangi gani, patron?" Anselme aliuliza.

"Nyeusi kama sufuria."

"Basi tuende tuione."

"Ukiiweza, kona moja ya gereji ni yako. Wazee wenye gari ya zamani tuko, ni fundi hakuna."

Anselme alichukua mfuko wake wa vyombo, akamuaga mkewe Constance, akapanda pikapu bila kuwatazama majirani. Moyoni alikuwa anatetemeka kwa furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Jumatano asubuhi aliifungua kabureta ya lile gari pale Ruti, juu ya gunia safi, kila kipande mahali pake. Hakuchukua muda kuona ubaya ulipo. Ndani ya kabureta kuna kiskurubu cha shaba, hakizidi punje ya harage, chenye tundu katikati. Ukikanyaga mafuta, petroli ya kuvutia gari hupita hapo. Wao mafundi wa Uvira, kule Kongo alikotoka, walikiita jigleri, kwa Kifaransa cha kurithi. Jigleri ya Bananuka ilikuwa imepanuliwa kwa msumari mpaka shaba ikapasuka, isizibike tena. Fundi aliyefanya hivyo alidhani gari halina nguvu kwa sababu halishibi, kumbe alikuwa analilisha mpaka linatapika.

Wakazunguka madukani Kakoba, mjini Mbarara, kutwa nzima kutafuta nyingine. Wauza vipuri waliigeuza ile shaba viganjani, wakauliza ni ya mashine ya kusaga au ya nini. Jioni walirudi Ruti mikono mitupu, na Bananuka akakaa juu ya tairi akashika tama.

"Basi nitakodi gari," alisema. "Watu watacheka, lakini watachoka."

Anselme aliuvuta mfuko wa vyombo karibu yake. Chini kabisa ya mfuko wake kulikuwa na kikopo cha dawa ya viatu, na ndani ya kikopo, katika kitambaa, kulikuwa na jigleri inayoingia sawasawa kwenye kabureta ile. Alijua hivyo tangu asubuhi. Alikuwa amezunguka Kakoba nzima akiomba ipatikane nyingine, yoyote, ili asilazimike kukifungua kile kikopo.

Hapa inabidi nieleze kilichomo, maana bila hivyo utamwona mchoyo.

Kaka yake, Elisée, alikuwa dereva wa Peugeot 404 ya abiria kati ya Uvira na Bukavu. Uvira iko chini, kando ya ziwa. Bukavu iko juu, na katikati kuna mlima wa Ngomo. Hewa ya juu ni nyepesi, na gari linalokula vizuri chini likifika juu linavimbiwa petroli, linakohoa, linazima. Kwa hiyo Elisée alijitobolea jigleri mbili kwa mkono wake: ya ziwani, yenye tundu kubwa, na ya mlimani, yenye tundu dogo. Hazikuwa na namba wala alama. Kwa macho zilifanana kama pacha. Akizunguka mjini alitumia moja, akipanda Bukavu alitumia nyingine, na kazi ya kuzibadilisha ilikuwa ya Anselme.

Jioni ya mwisho mvua ilinyesha, na Elisée alikuwa anaondoka alfajiri kwenda Bukavu. Anselme aliifungua kabureta haraka haraka chini ya turubai, akatoa moja, akaiweka kwenye kitambaa alipokuwa ameiweka nyingine. Upepo ukakikunja kitambaa. Alipokikunjua, jigleri zilikuwa pamoja. Aliziinua akazichungulia kwenye mwanga hafifu wa mawingu, akachagua moja, akaifunga. Nyingine akaitia mfukoni. Alikuwa na hakika kiasi, na aliona haya kumwambia kaka yake kwamba hana hakika yote.

Kesho yake magari matatu yalipanda Ngomo kwa kufuatana. Mawili yalipita. La Elisée lilizima kwenye kona, na wenye bunduki waliokuwa msituni wakashuka. Waliopona walisema tu kwamba lilizima.

Ile iliyobaki mfukoni ndiyo ilikuwa kikoponi. Ikiwa ni ya ziwani, basi Elisée alipanda na ya mlimani, na Anselme hana kosa. Ikiwa ni ya mlimani, basi yeye ndiye aliyemzimia kaka yake gari mbele ya bunduki. Kuijua ilikuwa rahisi: ifunge kwenye kabureta ya Peugeot mahali palipoinuka, kisha upande kilima; gari likikohoa, ni ya ziwani. Nakivale hakukuwa na Peugeot ya namna hiyo, na Anselme alimshukuru Mungu kwa hilo kila mwaka. Hata Constance hakuwahi kuambiwa. Alichofanya ni kumlimia shamba Mariette, mjane wa Elisée, aliyeishi mtaa wa pili pale Juru. Msimu kwa msimu alifika kabla ya jua, akalima bila kukaa chini hata mara moja, na Mariette akimletea maji aliyakataa.

Na sasa alikuwa Ruti, mahali palipoinuka karibu sawa na Bukavu, na Peugeot mbele yake iko wazi.

Alimtazama Bananuka pale juu ya tairi. Angeweza kunyamaza, arudi Juru na pancha zake. Lakini alikuwa amechoka. Miaka kumi na moja ya kutojua ni mizigo miwili, wa kosa na wa labda, na huo wa labda ndio unaokata mgongo.

"Niko na moja," alisema. "Ya zamani. Kesho tutaijaribu."

Alhamisi alijikaza. Kwanza aliondoa kila kisingizio: alisafisha chujio la hewa, akapima boya la petroli, akahakikisha choki inafunguka yote, akatia plagi mpya. Hakutaka matokeo yawe na mjadala. Kisha akaifungua ile jigleri kutoka kwenye kitambaa, akaipuliza, akaifunga mahali pake. Vidole vilimtii vizuri kuliko alivyotarajia.

Injini ilikubali mara ya pili. Akashika bisibisi, akainamisha sikio, akawa anaizungusha ile skurubu ndogo ya mchanganyiko robo duru kwenda, robo duru kurudi, mpaka mngurumo ukatulia na glasi ya maji aliyoiweka juu ya injini ikaacha kumwagika. Vijana wa gereji waliacha kazi zao wakaja kusikiliza. Bananuka alipiga makofi.

Anselme alijua kwamba gari likiwa limesimama jigleri ile bado haijaanza kazi, lakini roho haisikilizi ufundi. Kadiri gari lilivyonguruma vizuri ndivyo alivyozidi kuomba likohoe.

Walitoka na barabara ya Kabale, Bananuka akiendesha. Tambarare gari lilikwenda, na mzee akaanza kuimba. Wakafika kwenye kilima cha kwanza. Bananuka akakanyaga mafuta. Gari likapanda hatua hamsini hivi, likasita, likakohoa mara moja, mara mbili. Nyuma yao ukatokea moshi mweusi, na katikati ya kilima likazima.

Bananuka alipiga usukani kwa kiganja. "Ni ile ile! Bambi, tumepoteza siku tatu!"

Anselme alishuka, akafungua boneti, akatoa plagi ya kwanza kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto. Ilikuwa nyeusi, imejaa masizi laini. Akatoa ya pili. Nyeusi. Ya tatu na ya nne, nyeusi tititi. Akazipanga kwenye nyasi kando ya barabara, akazitazama moja moja, kisha akakaa chini kando yake.

Ilikuwa ya ziwani.

Alianza kwa kucheka, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa analia, analia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, malori yakipita. Elisée alipanda mlima na jigleri ya mlimani. Gari lake lilizimwa na nini, Mungu anajua. Nyaya mbovu, petroli chafu, mguu wenye hofu. Si mkono wa mdogo wake.

Bananuka alikuja akasimama juu yake, hasira imegeuka mashaka. "Wewe unalia nini? Mimi ndiyo ya kulia. Harusi ni yangu."

"Ngoja kidogo, patron. Ngoja nimalize," alisema Anselme. "Gari itapona. Sasa najua ugonjwa wake."

Dawa yake, hata hivyo, ilikuwa ni kuiharibu ile jigleri. Tundu kubwa halipunguzwi kwa tupa. Unaliziba lote kwa risasi ya kulehemu, kisha unalitoboa upya, dogo. Jigleri ya Elisée isingekuwepo tena. Ingebaki shaba ya nje tu, na ndani tundu la Anselme. Ijumaa asubuhi alisimama kwa fundi wa redio pale Kakoba, aliyemwazima chuma cha kulehemu, na aliishika ile jigleri kiganjani kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenye duka alimwuliza kama amebadili nia. Ilimwuma, sitaki kuficha. Ilikuwa kitu pekee kilichoshikwa na kaka yake ambacho bado kilikuwa duniani. Halafu akaiyeyushia risasi.

Alitoboa kwa sindano nyembamba, akiizungusha kwa vidole. Walipanda kile kilima mara ya kwanza, gari likakohoa kidogo. Akapanua tundu kwa unywele mmoja zaidi, maana safari hii gari lilikuwa na njaa. Mara ya pili lilipanda mpaka juu, likashuka ng'ambo, likageuka, likapanda tena. Plagi zilitoka na rangi ya mkate uliookwa vizuri. Bananuka alimpa Anselme ufunguo wa kufuli la gereji, akatafuta leso mfukoni.

Jumamosi binti alitoka nyumbani kwa gari la babu yake, na Anselme alipewa kiti nyuma ya wazee na sahani iliyojaa. Alikula vizuri. Lakini mawazo yake yalikuwa Juru, na Jumapili alipanda gari la kwanza.

Mariette alikuwa mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Anselme alikaa kwenye kigoda akamweleza yote: jigleri mbili, mvua, kitambaa, miaka kumi na moja, kilima cha Ruti. Alieleza vibaya, kwa kurudia rudia. Mariette hakuacha kuchambua. Anselme alipomaliza, mama yule alitupa kijiwe kimoja uani.

"Mimi sikuulizaka gari ilizima juu ya nini," alisema. "Batu ba bunduki njo balimuua. Hiyo nilijua tangu siku ile. Ungeniuliza, shemeji, ningekuambia."

"Niliogopa."

"Njo maana ulikuwa unanilimia?"

Anselme aliinamisha kichwa. "Njo maana."

Mariette aliutikisa ungo, akapuliza maganda.

"Sasa deni imeisha," alisema, bila kumtazama. "Kesho utakuya, ao hautakuya?"

Swali hilo Anselme hakulitarajia hata kidogo. Kule njiani alikuwa amejiandalia majibu ya kila lawama, na hakuna lawama iliyokuja. Ufunguo wa gereji ulikuwa mfukoni; Bananuka alimtarajia Jumatatu.

"Kesho nitakuya," alisema. "Ruti nitaenda Jumanne."

Jumatatu alifika kabla ya jua, kama kawaida yake, akalima mistari miwili. Mariette akaja na maji kwenye kikombe cha plastiki, akasimama mwisho wa tuta, kama kawaida yake, tayari kukataliwa. Anselme aliliegemeza jembe, akakaa chini kwenye udongo, akanyoosha mkono, akanywa yote.