Verlin na Sarafu Zake

Katika nyumba ya Verlin Stuckey ungeweza kuvunja sahani, kuunguza nyama, hata kuligongesha gari kwenye mlango wa gereji, na ukasamehewa kabla ya chakula cha jioni. Lakini kusugua sarafu za kale alizokusanya, thubutu! Lorene alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, alipoiona nusu dola ya ukumbusho ya 1893 imepiga weusi, akaisugua kwa aproni ili amfurahishe mumewe. Verlin hakupiga kelele. Alikaa akaitazama kama mtu aliyeletewa maiti.

"Umeichuna ngozi, Lorene," alisema. "Ule weusi ndio umri wake. Sasa hakuna mkusanyaji atakayeitaka."

Siku tisa hakumsemesha.

Miaka hamsini na miwili baadaye, Verlin akaanza kupotea. Aliweka viatu ndani ya friji. Alimwita binti yao, Janelle, kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufa. Janelle, ambaye ni muuguzi huko Dayton, akasema bila kuficha kwamba baba apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Lorene akaja juu.

"Baba yako ana uzee tu. Hata mimi juzi nimetafuta miwani nyumba nzima, kumbe ipo puani."

"Mama, acha utani. Aliacha jiko linawaka."

"Muulize sarafu zake, kisha uje uniambie hana akili. Siku atakayozisahau hizo, nitakupigia mwenyewe uje umchukue. Naapa."

Kiapo hicho ndicho kilichombakiza Verlin nyumbani, na Lorene alikilinda kama yai. Kila asubuhi baada ya kahawa alimwekea mezani noti yake ya kale ya dola moja, ya 1899, yenye picha ya ndege tai mweusi, ikiwa ndani ya plastiki yake.

"Hii nini, mzee?"

"Dola ya tai. Ondoa kidole chako hapo, bibie, utaikunja pembe!"

Lorene alichekea moyoni. Kukaripiwa kulikuwa kutamu kuliko busu.

Jumanne ya kwanza ya mwezi, siku ya mkutano wa chama cha wakusanyaji, alikuwa akimpigia pasi shati aliposikia maji yakitiririka jikoni. Yalitiririka muda mrefu. Akaenda kutazama.

Verlin alikuwa kwenye sinki, mikono ya shati ameikunja, anapiga mluzi. Makasha yote ya sarafu yalikuwa wazi. Mkononi alishika mswaki, na mbele yake kulikuwa na bakuli la magadi. Juu ya taulo zilipangwa sarafu za ukumbusho, thelathini na ushei, zinameremeta kama vijiko vya dukani.

"Njoo uone!" alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Lorene hakuwa ameiona tangu Krismasi. "Zilikuwa chafu mno. Sijui ni nani huyo asiye na adabu aliyeziacha hivi."

Lorene akasogea hadi kwenye sinki. Hakulilia fedha. Alimlilia yule mtu aliyenyamaza siku tisa, ambaye asingerudi tena kumnunia.

"Imebaki hii moja," Verlin alisema, akampa.

Aliipokea kwa ukingo, vidole viwili, kama alivyofundishwa. Ilikuwa nyeusi, na pembezoni ina samawati kidogo. Angeweza kuitia mfukoni mwa aproni. Lakini mumewe alikuwa amekinga kiganja, anasubiri, mswaki unadondosha maji.

Akamrudishia.

"Isugue vizuri," alimwambia. "Hapo pembeni pana uchafu."

"Nimeuona," Verlin akajibu, akaendelea na mluzi wake.

Lorene akaenda sebuleni, akainua simu.

"Janelle, baba yako amezisafisha sarafu."

Janelle alikulia katika nyumba ile. Hakuuliza sarafu zipi, wala kwa nini.

"Nakuja, mama," alisema, kisha akaangua kilio.