Zawadi Iliyobaki Bonga

Mwaka ule wa njaa tulikuwa tukitoka Bonga kwa miguu kwenda misa mjini, na kurudi vilevile kwa miguu, jua kali na tumbo tupu. Jumapili moja, misa ilipokwisha, mama yangu alimwona mjukuu wake Fabiola nje ya kanisa, amevaa gauni jekundu na viatu vinavyong'aa. Mama akachuchumaa, akamnyooshea mikono.

Fabiola akarudi nyuma, akajificha kwenye kanga ya Mektilda, mama yake wa kambo.

"Mama," alinong'ona, lakini wote tulisikia, "huyu bibi anataka nini?"

Mektilda aliona haya kuliko sisi. "Fabiola! Huyu si bibi yako? Hebu amkia."

Mtoto akasema shikamoo huku akitazama viatu vyake. Mama akaitika marahaba, akainuka polepole akijishika goti. Mimi nilitaka kuondoka palepale. Lakini Mektilda alitushika mikono, akasema Jumamosi watawafanyia watoto sherehe ya kuzaliwa, Fabiola na mdogo wake Wolfgang kwa pamoja, kwa kuwa wamezaliwa mwezi mmoja. "Njooni, mama. Njoo na wewe, Kasimiri. Msipokuja nitajua mmetukasirikia."

Watoto wale ni wa dada yangu Kandida. Kandida alifariki kwa homa Wolfgang akiwa bado hajaanza kutembea. Baba yao, shemeji yangu Cornel, ana lori linalokwenda Arusha na kufika hadi Namanga, na wakati ule mtu mwenye lori alikuwa na vitu ambavyo sisi wengine tulikuwa tukivisikia tu redioni. Alimwoa Mektilda baadaye, na sina neno baya juu ya mwanamke huyo. Lakini tangu ukame uanze Cornel hakuwaleta tena watoto Bonga. Alisema kisima chetu kimekauka, kuna ugonjwa wa kuhara, chakula hakuna. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo sababu yaliniudhi. Utambishia nini mtu anayesema kweli?

Njiani mama aliniita tulipofika kwenye mteremko.

"Kasimiri," alisema, "wale watoto wanatupotea. Yule mdogo nikimkuta peke yake barabarani atanikimbia. Mwaka mmoja mwingine hivi, Kandida atakuwa hakuacha kitu kwetu."

"Basi tuwapelekee zawadi watakayoikumbuka."

"Zawadi gani? Wale wana kila kitu."

"Nitawatungia mashairi."

Mama alicheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi. "Baba, watoto hawali mashairi. Hata mimi yako siyaelewi, nasema tu ni mazuri."

Damu ilinipanda. Mimi ni mjomba wa watoto wale. Sikuwa tayari kuingia nyumbani kwa Cornel mikono mitupu, nikaribishwe soda na kusukumiwa kipande cha keki kama mtu aliyekuja kuomba. Kwetu, watu tuliotoka milima ya Mbulu, hatukuwa hata na hizo siku za kuzaliwa. Mtoto ana somo wake, yule mtakatifu ambaye mtoto amepewa jina lake, na siku ya somo akipewa yai zima peke yake basi amesherehekewa. Lakini sasa tumealikwa kwa desturi yao, nikasema nitakwenda kwa desturi yao na wasipate la kunisema.

Siku ya Ijumaa nilikwenda kwa Halidi, mwenye duka karibu na stendi. Rafu zake zilikuwa na viberiti, chumvi ya mawe, na nafasi tupu. Nikamweleza shida yangu.

"Watoto wa Cornel?" Halidi alishangaa. "Kasimiri, una akili? Hao unawanunulia nini wewe? Wana baiskeli ya magurudumu matatu. Wana mdoli anayefumba macho ukimlaza. Mimi nina miaka hamsini sijawahi kuwa na kitu kinachofumba macho nikikilaza, isipokuwa mke wangu Zena, naye kwa kunikasirikia."

"Nipe kitu, Halidi. Usinipe hadithi."

"Mpe kila mmoja kipande cha sabuni. Siku hizi sabuni ni zawadi ya waziri."

"Nimesema watoto."

Akainama chini ya meza, akatoa mipira miwili ya plastiki, mmoja wa buluu na mmoja wa njano, imefungwa ndani ya nailoni. Niliipenda papo hapo. Iling'aa. Katika mji mzima uliokuwa umechakaa, nguo zimefifia, kuta zimefifia, mipira ile ilikuwa kama vitu vya nchi nyingine. Nikampa saa yangu ya mkononi, naye aliipokea bila kunitazama usoni. Nilirudi Bonga nikitembea kifua mbele.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamlisha mbuzi wake. Alibaki mmoja tu, jike jeusi lenye baka jeupe shingoni, na lilikuwa na mimba. Wengine tulikuwa tumewabadilisha kwa mahindi. Huyu alimkatalia kila mtu. Majani yalikuwa yameisha bondeni, hivyo kila asubuhi alipanda kilimani kukata matawi ya mgunga, akashuka nayo kichwani, mikono imechanwa na miiba. Nilikuwa nimemgombeza mara kadhaa kwamba tunalisha mnyama huku sisi tunalala na uji. Alikuwa akinijibu, "Subiri."

Nikamwonyesha mipira. Akaitazama, akaibonyeza kwa kidole.

"Mizuri," alisema. "Na mimi nina yangu ya kuwapa."

"Ipi?"

"Twende tu kesho."

Kwa Cornel kule Bagara, mjini, palikuwa na turubai limefungwa uani, kreti za soda, na keki yenye maua ya sukari, sukari ambayo Bonga tulikuwa hatujaionja tangu Pasaka. Wageni walikuwa wenzake wa biashara na wake zao. Watoto walikaa kwenye mkeka, na mbele yao lundo la zawadi, nyingine bado zimefungwa, kwa kuwa walikuwa wamechoka kuzifungua.

Nikapita mbele, nikainama. "Fabiola, Wolfgang, mjomba wenu amewaletea hii."

Wolfgang akaipokea mipira, akaigeuza. "Tunayo," alisema. Hakusema kwa ubaya. Akanyanyuka kunisaidia nielewe, akakimbia hadi kwenye chumba cha pembeni na kusukuma mlango. Ndani palikuwa na gunia limefunguka, limejaa mipira ya plastiki ya buluu, ya njano, myekundu, yote ndani ya nailoni.

Mgeni mmoja akaangua kicheko. "Kumbe mjomba amenunua kwa Halidi! Cornel, mali yako imerudi nyumbani!"

Wakacheka wote. Lori la Cornel ndilo lililoileta mipira ile, Halidi akaichukua kwake, mimi nikaitolea saa yangu na kuirudisha. Nilisimama katikati ya uwanja masikio yakiwaka moto. Kama mama asingekuwepo ningetoka, na nisingekanyaga tena Bagara maisha yangu yote.

"Na bibi?" akauliza yule mgeni, bado anafuta machozi ya kicheko. "Bibi ameleta nini?"

Mama aliinuka. Alikuwa amevaa kanga yake ya misa, na mikono yake, yenye makovu ya miiba, ilikuwa mitupu. Aliwatazama watoto, siyo wageni.

"Nina mbuzi," alisema. "Mweusi, ana baka hapa shingoni. Huyo ni wako, Fabiola. Ana mtoto tumboni. Huyo wa tumboni ni wako, Wolfgang. Wote wawili wako kwangu Bonga."

"Sasa zawadi gani hiyo isiyokuja?" mwanamke mmoja akanong'ona. Watu wakatabasamu, wakasubiri kucheka tena.

Cornel hakutabasamu. Alikuwa ameshika chupa ya soda, akaiweka chini taratibu. Cornel ni mtoto wa wafugaji kama sisi, na alijua jambo ambalo mimi, kwa hasira yangu, nilikuwa nimelisahau. Kwetu mtu akikupa mnyama na kumwacha katika zizi lake, amekufungulia mlango wa nyumba yake. Mwenye mnyama huja kumtazama. Huja mnyama akizaa, huja akiugua, huja kuhesabu vitoto vyake, na hakuna anayeweza kumwambia usije. Na anayemkataa mnyama wa namna hiyo amekataa udugu mbele ya watu.

"Mama," Cornel alisema, "asante sana. Kesho nitamtuma dereva aje amchukue. Hapa nina uwanja, nina pumba. Atanenepa."

"Hapana, baba. Atakaa kwangu."

"Mama, kule hakuna majani."

"Namkatia."

"Basi mvua zikinyesha nitawaleta wamwone."

"Mbuzi hangojei mvua. Anazaa mwezi huu."

Hata yule mwenye kicheko alikuwa anatazama keki. Mektilda alimgusa mumewe mkono. Cornel akakaza taya kama mtu anayebeba gunia.

"Baba," Fabiola akauliza, "ni mbuzi wa kweli? Anapumua?"

"Wa kweli," Cornel alisema. "Anapumua."

Alikuja Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akaliacha lori barabarani na kushuka na watoto kwa miguu. Alibeba galoni la maji yao ya kunywa. Mimi niliona galoni lile, nikafungua mdomo, na mama akanitazama. Nikaufunga.

Mbuzi hakuwa mnyama wa kujivunia. Mbavu zake zilihesabika, na tumbo lilining'inia chini kama mzigo wa mtu mwingine. Wolfgang alimtazama kidogo, akauliza mtoto wake atatoka lini, akaambiwa bado, akaanza kulia anataka kwenda kwenye gari. Fabiola alibaki amesimama. Mama akampa tawi la mgunga, akamwonyesha pa kushika ili asichomwe. Mbuzi alivuta majani kwa nguvu, mtoto nusura aanguke.

"Kwa nini anavuta hivi?"

"Ana njaa," mama alisema.

"Kwa nini hamumpi chakula?"

"Hicho ndicho chakula chake. Kipo kilimani, huko juu. Unaona?"

Fabiola alitazama kilima, kikavu, cheupe kwa vumbi, halafu akatazama mikono ya bibi yake. Alikaa na mbuzi mpaka tawi likabaki mti mtupu. Cornel alipomwita waondoke, alisema haendi.

"Fabiola, jioni inaingia."

"Kesho nani atamkatia?"

Cornel alinitazama mimi, akamtazama mama. Alikuwa na uso uliochoka ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu aliyefiwa na mke na hakupata nafasi ya kukaa chini. Akaweka lile galoni mlangoni.

"Nitakuja Jumamosi," alisema. Akambeba Wolfgang begani, akapanda barabarani.

Jioni mama alipika ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na mchicha usio na mafuta. Tulikaa jikoni sote watatu. Fabiola alimega tonge, akalinusa, akakunja uso.

"Bibi, ugali huu unanuka."

"Ndiyo," mama alisema. "Unanuka."

Akamsogezea mchicha. Fabiola aliliangalia lile tonge muda mrefu, akalichovya, akala. Kisha akamega jingine.