Shahada ya Hesabu na Minazi ya Kaole

Mbaruku alipopata nafasi ya kusomea hesabu chuo kikuu Dar es Salaam, mwaka wa sitini na tisa, serikali ilimlipia kila kitu: ada, chumba, chakula, hata nauli ya likizo. Hakutakiwa kutoa senti. Lakini nyumba ya marehemu Pazi wa Kaole haikuwa ya kuaibishwa namna hiyo. Mtoto aende chuo kikuu bure, kama anayekwenda kisimani? Watu wangesemaje? Basi akashonewa suti mbili, akanunuliwa saa, viatu vya kung'aa na sanduku ambalo hata leo halijapata kujaa. Kisha yakasomwa maulidi, ng'ombe akachinjwa, wakaja kula hata watu wa Makurunge wasiomjua Mbaruku wala hesabu. Yote hayo yakafika shilingi mia tisa.

Fedha zilitoka kwa Mzee Sadallah, mnunuzi wa mbata pale Bagamoyo mjini, mcha Mungu asiyekula riba. Yeye alikula nazi. Waliandikiana bei kheri: minazi ishirini na minne ya marehemu imeuzwa kwake kwa mia tisa, ila wenyewe wana hiari ya kuirudisha kwa bei ileile ndani ya miaka mitano. Kwa muda wote huo nazi ni zake; muda ukipita, na minazi ni yake. Bi Adija, mjane wa Pazi, alitia dole gumba. Binti yake Chausiku, aliyeishia darasa la nne ili kaka asome, aliandika jina lake kwa fahari, kwa herufi kubwa.

Miaka mitano ikayeyuka. Mbaruku akapata shahada, akamaliza jeshi la kujenga taifa lililomkata mshahara, na sasa alikuwa akipokea elfu moja na mia moja kila mwezi, kamili. Chausiku naye alikuwa na kazi yake: kushona makuti ya kuezekea. Vidole vilimkauka vikapasuka, lakini katika kopo la maziwa chini ya kitanda mlikuwa na shilingi mia sita. Zilipungua mia tatu kutimia mia tisa, na muda ungekwisha mwisho wa Shaabani, siku tisa tu mbele. Akamwita kaka yake.

Mbaruku alifika Ijumaa, na suti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Hakuwa amekonda hata kidogo. Alikula wali wa nazi sahani mbili, nazi yenyewe imenunuliwa kwa Sadallah, kisha akatoa karatasi nne zilizojaa tarakimu.

"Chausiku, nimelifanyia kazi suala lenu," alisema.

Neno hilo "lenu" lilimchoma Chausiku. Kaka akaeleza. Minazi ni mizee. Kila mwaka mazao yatashuka. Mia tatu hizo akiziweka benki, baada ya miaka ishirini zitakuwa kitu kingine kabisa. Tena kuna jokofu analolilipia kidogo kidogo, na kodi ya nyumba, na wakwe. Aliweka mapato yake ya maisha yote upande huu, minazi upande ule, akapiga mstari kwa rula. Ilikuwa kazi safi sana. Serikali haikupoteza fedha zake.

"Kwa hiyo kukomboa hakuna faida," alimaliza. "Hesabu haina huruma, dada yangu."

"Kwa hiyo hutoi," alisema Bi Adija.

"Si mimi, mama. Ni hesabu."

Chausiku alizitazama karatasi zile moja moja. Alitafuta mahali palipoandikwa darasa la nne, hakupaona. Alitafuta makuti, hakuna. Alitaka kulia, na hasira ikamzuia.

"Kaka, nisaidie moja ndogo," alisema. "Baba kaacha mke, mwana na binti. Minazi ishirini na minne. Mirathi inakwendaje?"

Mbaruku alitabasamu. Swali lilikuwa rahisi mno kwa mtu wa shahada. "Mama thumni, mitatu. Inabaki ishirini na mmoja. Mimi mafungu mawili, kumi na minne. Wewe saba."

"Yangu na ya mama?"

"Kumi."

"Kwa mia tisa, kumi ni kiasi gani?"

"Mia tatu sabini na tano," alijibu bila kalamu.

"Hujakosea?"

"Chausiku, mimi hukosea hesabu?"

"Hapana," alisema Chausiku. Mpaka hapo alikuwa bado anangoja. Angetamka japo shilingi hamsini, japo neno la kusema nitajaribu, angekwenda kukopa zilizobaki kwa majirani wote wa Kaole. Kaka aliangalia saa yake, ileile ya minazi, akasema basi litamwacha.

Jumatatu Chausiku alikwenda mjini na kopo lake. Mzee Sadallah aliguna, akasema mali hukombolewa nzima. Chausiku akamuuliza kama angependa swali hilo walipeleke kwa shehe, pamoja na hesabu ya nazi za miaka mitano. Mzee akakumbuka ghafla kwamba yeye ni mtu wa suluhu. Minazi kumi ikarudi kwa Bi Adija na binti yake. Kumi na minne ya Mbaruku haikugombewa na mtu, na Shaabani ikaisha.

Sikukuu ya Idi, Mbaruku alikuja na gunia tupu, kama kawaida yake kila sikukuu, hata miaka ile ya nazi za kununua. Kabla hajaondoka alilikunjua uani.

"Nitilie nazi ishirini za nyumbani, dada. Za Dar hazina tui."

Chausiku alizichagua nzuri, akazihesabu kwa sauti moja baada ya moja, akafunga gunia kwa kamba.

"Senti arobaini kila moja," alisema. "Shilingi nane."

Mbaruku alicheka, akamgeukia mama yake acheke naye. Bi Adija alikuwa akichambua mchele.

"Mama, hata mimi?"

"Si mimi, mwanangu," alisema Bi Adija bila kuinua uso.

Mbaruku akatoa shilingi kumi. Chausiku akamrudishia mbili, naye akasimama pale uani akiziangalia kiganjani, akitafuta kosa.