Wakwe Wawili na Kivuko cha Kamanga

Harusi ile ilimpa Teodora mkwe na kumnyang'anya rafiki. Kama angeulizwa mapema, angesema harusi ingoje.

Rafiki mwenyewe ni Akelo, mama wa bibi harusi. Wanawake hawa wawili waliuza dagaa meza moja pale Mwanza tangu wote wakiwa na nywele nyeusi. Walifukuzwa pamoja, wakarudi pamoja, na walikuwa wakicheka mpaka wateja wanadhani wanachekwa wao. Kisha Nkwabi wa Teodora akamwoa Ajwang wa Akelo. Vigelegele vikapigwa, ng'ombe wakaliwa. Asubuhi yake Akelo akaja mezani amejifunga khanga hadi shingoni, akasema kwa sauti ya kanisani, "Umeamkaje, mkwe?"

Mkwe! Mtu aliyekuwa akimwita Teo, na akikasirika, "jitu la viazi"!

Akelo alilelewa kule Rorya na wajomba wasiojua kucheka. Kwao mama wa binti hali chakula nyumbani kwa wakwe mpaka taratibu zote ziishe, na wala hafanyi nao mzaha. Na taratibu zenyewe, nani aliwahi kuziona mwisho wake? Teodora alibembeleza, akanuna, akafoka. "Mila hizi walizitunga wanaume waliokwisha kushiba!" Akelo akainamisha macho tu. "Ndivyo ukwe ulivyo, mkwe." Afadhali mtu akutukane, utamjibu. Anayekuheshimu utamfanya nini?

Mwaka ukapita hivyo. Ndipo Ajwang akajifungua huko Sengerema, anakofanya kazi ya uuguzi, na mabibi wote wawili wakaitwa kumwona mtoto. Teodora akachemsha viazi, akavikausha juani vikawa matobolwa, akafunga kapu. Moyoni alikuwa amekata shauri: hafiki kwa mwanawe akiwa na mkwe. Atafika na Akelo.

Walikutana kivukoni, upande wa mjini. Malori yaliingia kwanza, watu wakafuata. Akelo akachagua mwisho wa benchi, akauelekeza uso wake ziwani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Matobolwa haya, mama Ajwang."

"Nashukuru, mkwe. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Umetoka kwako kabla kuku hajaamka!"

Akelo akazidi kulitazama ziwa. Kivuko kikang'oa nanga, maji yakaanza kuyapigapiga mabati.

Mbele yao alikaa kijana mmoja muuza majembe, jina lake Machibya, akirudi kwao Kamanga, ng'ambo ya pili. "Shikamooni, mama zangu," alisema. "Samahani, nyie ni watu wa dagaa? Naona harufu imeniamshia njaa."

"Marahaba, baba," akaitikia Teodora, na hapo hapo akapata akili. Kama kuna kitu Akelo hakukivumilia duniani, ni historia kusimuliwa vibaya. "Sisi ndio wa dagaa wenyewe. Hujasikia habari ya lori?"

"Lori gani, mama?"

"Enzi hizo walituletea askari wa soko. Eti tunachafua mji! Mji tuliokuwa tunaulisha! Wakubwa waliotoa amri ile nawakumbuka sura zao wote, hata waliokwisha kuzikwa. Basi askari wakapakia mabeseni yetu kwenye lori. Wanawake tukabaki tunalia. Mara akatokea mwenzetu mmoja shujaa, akapanda juu ya lori, akakalia mabeseni, akasema, 'Bebeni na mimi!' Tukapanda sote. Lori likashindwa hata kuwaka. Mwanamke yule aliitwa Bernadeta."

Shingo ya Akelo ikacheza.

"Bernadeta huyo," akaendelea Teodora, akilionja jina kama asali, "alikuwa simba. Sisi wengine, hata huyu mkwe wangu hapa, tulikuwa tunajificha tu nyuma ya magunia."

"Bernadeta?" Akelo aligeuka mzima mzima. "Bernadeta alikuwa kwao Magu msibani! Wewe Teo mwongo, tena mwongo wa mchana! Aliyepanda lori ni nani? Nani alichanika sketi mpaka hapa, ukamfunika na kitenge chako?"

"Sikumbuki. Labda Bernadeta."

"Jitu la viazi wewe!"

Machibya akacheka hadi majembe yakagongana. Teodora naye alicheka, machozi yakamtoka. Akelo akajishika mdomo. Alitazama nyuma, kana kwamba wajomba wa Rorya wamepanda pamoja nao.

"Umenikosesha adabu, mkwe."

"Nimekukosesha wapi? Kwangu? Kwako?"

Akelo aliangalia lori la saruji, mbuzi waliofungwa kwenye nguzo, kisha maji pande zote. Mwanza ilikuwa imebaki mawe madogo madogo nyuma, na Kamanga haijafika.

"Kijana," alimwambia Machibya, "hapa tulipo ni nyumbani kwa nani?"

"Hapa? Hapa si kwa mtu, mama."

"Hata mimi naona hivyo." Akavuta kapu, akatia tobolwa mdomoni, akalitafuna polepole. "Gumu kama roho yako, Teo. Wasukuma mkikausha kiazi mnakigeuza jiwe."

"Tafuna, Mjaluo wewe, maringo hayashibishi."

Walikula, wakamgawia Machibya, wakawasema wafu na wazima. Mlango wa kivuko ulipogusa nchi kavu Akelo akajifuta mdomo, akapandisha khanga shingoni. "Tangulia, mkwe," akasema kwa adabu zote.

Kwa Nkwabi mambo yakawa ukwe mtupu. Akelo alikaa karibu na mlango, akala peke yake kwa jirani, akampakata mjukuu kwa unyenyekevu. Asubuhi ya pili akaaga. Teodora naye akabeba kapu lake.

"Mmefika juzi tu!" Ajwang akalalamika. "Tumewakosea nini?"

"Hakuna kosa, mwanangu," Akelo akasema. "Jumamosi tunarudi."

"Na Jumamosi nyingine," akaongeza Teodora.

Nkwabi akamtazama mkewe, asielewe kitu. "Basi ngojeni niwatafutie gari. Siku hizi kuna daraja, mnapita juu kwa juu, mara moja mko ng'ambo."

"Weee!" wakapiga kelele mabibi wote wawili kwa pamoja, mtoto akashtuka, na Akelo akalazimika kutoka nje upesi akacheke huko uani.